Kodi Haikuuliza Darasa, Kwa Nini Kura Iulize?

Ipo kasumba moja ambayo wengi wetu tulidhani ilizikwa pamoja na ukoloni, kumbe ilikuwa imelala tu ikingoja vizazi vyenye kusahau. Kasumba hiyo ni ile ya kudai kwamba haki ya kupiga kura ni mali ya watu fulani: wenye elimu, wenye mishahara, wenye namba ya mlipa kodi, na kwamba wengine wote, yaani wavuja jasho wa mijini na vijijini, wamepewa kura kwa kuhurumiwa tu.

Nimeisikia tena hivi karibuni kijiweni kwa muuza kahawa, hapa Temeke. Kijana mmoja msomi, mwenye kazi nzuri mjini, alisema maneno haya mbele ya watu kumi hivi: "Mimi nakatwa kodi kila mwezi kabla sijauona mshahara wangu. Iweje kura yangu iwe sawa na ya mama anayekaanga mihogo pale barabarani, ambaye hajui hata bajeti ni kitu gani?" Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Mzee mmoja, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alimtazama kijana yule kwa muda, kisha akamwambia: "Mjukuu wangu, maneno hayo niliyasikia nikiwa mdogo. Aliyeyasema alikuwa Mzungu." Akamaliza kahawa yake, akaondoka.

Ndugu msomaji, kijana yule si adui. Ni mtoto wetu, na amesomeshwa kwa fedha za umma, zikiwamo fedha za mama muuza mihogo. Lakini anachokisema ni sumu, na sumu haipungui ukali kwa kuwa imetoka katika kinywa cha mtoto wa nyumbani. Mzee hakutaka kubishana naye. Mimi nataka kueleza kile ambacho mzee alikijua, ili kijana huyu na wenzake wenye mawazo kama yake wajue mzigo wanaotaka kuturudisha chini yake.

KODI YA KICHWA

Wajerumani walipojihakikishia kwamba nchi hii wameitia mkononi, hawakukawia kututoza. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kukusanywa. Shabaha yake haikuwa kujaza hazina peke yake. Mkulima aliyekuwa na chakula chake, mifugo yake na nyumba yake hakuwa na sababu ya kwenda kumlimia mlowezi shamba la mkonge au pamba. Ilibidi itafutwe sababu, nayo ikawa kodi. Alitakiwa alete rupia, na rupia hazioti shambani. Ilimlazimu akazitafute kwa bwana. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa na viboko vya maakida, ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wananchi wa kusini na mashariki ya nchi yetu wanyanyuke katika Vita vya Maji Maji tangu mwaka 1905 hadi 1907, vita vilivyoteketeza maelfu kwa maelfu ya watu wetu kwa risasi na kwa njaa.

Mwingereza alipoipokea nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliitupa bendera ya Mjerumani lakini daftari la kodi hakulitupa. Sheria ya Kodi ya Nyumba na ya Kichwa ya mwaka 1922 iliendeleza mtindo ule ule. Mwenye nyumba alilipia nyumba. Mwenye nyumba mbili kwa sababu ya wake wawili alilipa mara mbili. Kijana asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Kwa wengi kodi hiyo ilikuwa sawa na ujira wa wiki nyingi za jasho. Aliyekosa fedha aliweza kufanyishwa kazi ya umma, kama kulima barabara, mpaka deni lake liishe.

Wazee wa Dar es Salaam wanayakumbuka zaidi haya, maana hapa mjini kodi ilikuwa na jino la pili. Serikali ya kikoloni haikumtaka Mwafrika mjini isipokuwa kama kibarua. Aliyekuja kutafuta maisha bila ya kazi ya kuandikwa aliitwa mhuni. Alfajiri watu walivamiwa katika vyumba vyao vya kupanga wakidaiwa stakabadhi ya kodi. Asiyekuwa nayo alikamatwa, na wengi walirudishwa makwao kwa nguvu. Karatasi ile ndogo iligeuka kuwa hati ya kumruhusu mtu kuishi ndani ya nchi yake mwenyewe. Hata baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati sehemu kama Temeke na Magomeni zilipopanuliwa kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakiongezeka mjini, misako ya kodi na ya wahuni haikukoma.

Sasa tuulize swali rahisi. Je, mtoza kodi alimwuliza mtu amesoma darasa la ngapi kabla ya kupokea fedha zake? Alimwuliza anapata pauni ngapi kwa mwaka? Alimwambia mbeba mizigo wa bandarini kwamba, kwa kuwa hajui Kiingereza, basi asilipe? Hakufanya hivyo hata siku moja. Mbele ya kodi Waafrika wote walikuwa sawa kabisa, msomi na asiyesoma, mwenye kazi na asiye na kazi. Huo ndio usawa pekee ambao mkoloni alitupatia bila ya kuombwa.

Na fedha hizo zilitumiwa kwa uamuzi wa nani? Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926. Ndani yake waliingia maofisa wa serikali, walowezi na wafanyabiashara. Mwafrika hakuonekana mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, tena waliteuliwa na gavana, hawakuchaguliwa na mtu. Hesabu mwenyewe: tangu mwaka 1898 hadi 1945 ni miaka arobaini na saba ya kulipa bila hata sauti moja ya Mwafrika katika chombo kikuu cha kutunga sheria za nchi.

Wananchi hawakukaa kimya. Katika miaka hiyo hiyo ya arobaini, Wapare waliletewa kodi mpya iliyopimwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, kodi waliyoiita mbiru. Mwezi wa Januari mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kodi hiyo iondolewe. Baadaye wanawake nao waliandamana, kwa sababu waume zao walikuwa wameacha mashamba na familia. Watu hawa hawakukataa kuchangia gharama za nchi. Walichokataa ni kupimiwa mali zao na watu ambao hawakuwachagua, kwa mpango ambao hawakushauriwa. Hatimaye mbiru ilifutwa. Mkulima wa Upare, ambaye mkoloni alimwona mjinga, alikwisha kulielewa jambo ambalo kijana wetu msomi hajalielewa hadi leo: kwamba kodi ni wajibu pale tu ambapo mlipaji ana kauli.

KURA TATU

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na ndani ya miaka michache serikali ya kikoloni iliona kwamba haiwezi tena kuwanyima Waafrika kura moja kwa moja. Basi ikatafuta njia ya kuitoa kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mwingine.

Njia ya kwanza ilikuwa kugawa viti kwa rangi. Kwa mpango ulioanza mwaka 1955, viti thelathini vya wajumbe wasio wa serikali viligawanywa kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia na kumi kwa Wazungu. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, na Wazungu walizidi kidogo tu elfu ishirini. Mgawanyo huo Gavana Twining na chama cha UTP kilichoanzishwa mwaka 1956 waliuita ushirikiano wa mataifa. Kwa hesabu ya kawaida maana yake ni kwamba Mzungu mmoja alipimwa kwenye mizani sawa na Waafrika mia nne.

Njia ya pili ilikuwa masharti ya mpiga kura. Katika uchaguzi uliofanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, haki ya kupiga kura ilipewa mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi ambaye amefika darasa la nane, au ana mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au ameshika wadhifa uliotambuliwa na sheria. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Kwa kibarua wa kawaida wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa ndoto, na kwa mkulima ilikuwa ndoto ya ndoto. Ama darasa la nane, ni mkoloni mwenyewe aliyekuwa amejenga shule chache hata watoto wengi wasilione darasa la kwanza. Halafu akamwadhibu mtu kwa kutosoma katika shule ambayo hakuijenga.

Njia ya tatu ilikuwa kura tatu yenyewe. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, karatasi yake iliharibika.

Matokeo ya masharti hayo ni kwamba, katika nchi ya watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa hawakufika hata laki moja. Waliobaki nje ni akina nani? Ni wale wale waliokuwa wakikurupushwa alfajiri kwa ajili ya stakabadhi. Ni wale akina mama ambao Bibi Titi Mohamed aliwaongoza tangu mwaka 1955 kuijenga TANU nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Waafrika ya mji huu. Kadi za Chama walizinunua, mikutano waliijaza, nauli za viongozi waliwachangia. Lakini siku ya kura walio wengi kati yao walitakiwa kubaki nyumbani, kwa sababu hawakuwa na cheti wala pauni 150.

Jambo hilo lilikuwa chungu kiasi kwamba wajumbe wengi waliokwenda kwenye mkutano wa Tabora mwezi wa Januari 1958 walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kuingia katika uchaguzi wa masharti mabaya ili wayavunje masharti hayo kutoka ndani. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na mwelekeo huo, akatoka na kuanzisha chama cha Kongresi. Historia imeuita uamuzi ule Uamuzi wa Busara, na matokeo yakauthibitisha: wagombea wa TANU na wale waliougwa mkono na TANU, wa rangi zote, walishinda, na UTP ikafa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Mapato yakashushwa hadi pauni 75, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kukatosha. Walioandikishwa waliruka hadi zaidi ya laki nane, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Lakini hata hapo asiyejua kusoma na asiye na mapato hayo alibaki nje. Ni baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962, ndipo kila raia mtu mzima alipopewa kura yake bila kuulizwa cheti wala mfuko.

Kijana wa kijiweni anapotaka kura ipimwe kwa elimu na mshahara, basi hajaleta wazo jipya. Anaomba turudi mwaka 1958. Na akumbuke kwamba babu yake huenda alikuwa upande wa waliofungiwa nje.

WENGINE WALIVYOFANYIWA

Mtu asidhani kwamba hila hii ilikuwa ya Tanganyika peke yake. Jirani zetu wa Kenya, katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Kiafrika mwezi wa Machi 1957, walipewa sheria ya ajabu zaidi: Mwafrika aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu, kulingana na elimu yake, mali yake na utumishi wake. Mchungaji wa mbuzi asiye na sifa hizo hakuwa na hata moja. Zanzibar, mwaka huo huo wa 1957, masharti ya kusoma na ya mali yaliwekwa, na wanawake hawakupiga kura kabisa.

Na Marekani, nchi ambayo haichoki kuwafundisha wengine demokrasia? Baada ya utumwa kufutwa, katiba yao ilikataza mwaka 1870 kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Wakubwa wa majimbo ya kusini wakatafuta mlango wa nyuma, wakaweka kodi ya kura: asiyelipa, asipige. Katika jimbo la Virginia ilikuwa dola moja na nusu kwa mwaka, na mtu alitakiwa awe amelipa ya miaka mitatu, tena miezi sita kabla ya uchaguzi. Kwa tajiri fedha hizo si kitu. Kwa kibarua mweusi wa shamba la pamba, na kwa maskini mweupe pia, zilikuwa ukuta. Kodi hiyo haikukusudiwa kuingiza fedha serikalini. Ilikusudiwa isilipwe.

Ilichukua miaka mingi ya mapambano mpaka mwezi wa Januari 1964 ndipo marekebisho ya 24 ya katiba yao yalipoipiga marufuku katika uchaguzi wa viongozi wa taifa, na mwezi wa Machi 1966 mahakama yao kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mama mmoja wa Virginia aitwaye Annie Harper na wenzake, ikaifuta katika chaguzi za majimbo pia. Mahakama ilisema kwamba utajiri hauna uhusiano wowote na uwezo wa mtu kuchagua. Tazama tarehe hizo, ndugu msomaji. Sisi tulikwisha kupiga kura ya watu wote mwaka 1962. Katika jambo hili taifa changa la wakulima liliitangulia Marekani, na hatuna sababu ya kuliona aibu jambo ambalo ni fahari yetu.

Hata Uingereza, iliyotufundisha kodi ya kichwa, iliionja yenyewe. Serikali ya Margaret Thatcher ilipoanzisha kodi ya kichwa Scotland mwaka 1989 na England mwaka 1990, watu wengi waliacha kujiandikisha katika daftari la wapiga kura kwa kuogopa kufuatwa na mtoza kodi. Machafuko yalizuka London tarehe 31 Machi, 1990, na kabla ya mwaka kwisha mama huyo aliachia madaraka. Funzo ni moja popote pale: kodi ikiwekwa karibu na daftari la kura, maskini huondoka katika daftari.

NANI ASIYELIPA KODI?

Sasa tumjibu kijana kwa hoja yake mwenyewe. Anasema yeye analipa kodi na mama muuza mihogo halipi. Si kweli. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza nchini mwezi wa Julai 1998, nayo imo ndani ya bei ya sabuni anayofulia mama yule na ya ndoo anayotekea maji. Tozo za mafuta zimo ndani ya nauli anayolipa alfajiri kwenda kufuata mihogo sokoni. Ushuru wa soko anaulipa. Akimtumia mama yake fedha kijijini kwa simu, hapo pia anakatwa. Na tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa ndani ya malipo ya umeme wa LUKU; kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja Mbagala au Manzese, anunuapo umeme, huchangia kodi ya jengo ambalo si lake, labda mwenye nyumba awe muungwana wa kumrudishia. Tofauti kati ya mama huyu na kijana wetu ni kwamba yeye hapewi hati ya mshahara inayomwonyesha alichokatwa.

Ama hoja ya elimu, tujiulize nani aliyeleta uhuru huu. Kama ungengojewa uamuzi wa wenye darasa la nane na pauni 150 peke yao, huenda tungelikuwa tunangoja hadi leo. Elimu ni jambo jema na kila mtoto aipate, lakini elimu humfundisha mtu njia ya kufika; haimpi mamlaka ya kuwachagulia wenzake wanakotaka kwenda. Mama ambaye chumba chake hujaa maji kila masika pale Jangwani au Mbagala Kizinga anaijua bajeti kwa upande ambao mwandishi wa bajeti haujui. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kura, kwa sababu hana simu ya mkubwa yeyote wa kumpigia.

Na Katiba yetu ya mwaka 1977 haikuacha jambo hili likisia. Ibara ya 5 inasema kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane anastahili kupiga kura, kisha inataja sababu chache ambazo kwazo Bunge laweza kuweka mipaka, kama vile uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, hukumu ya makosa fulani ya jinai, au kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Baada ya hapo inafunga mlango: nje ya sababu hizo hakuna nyingine. Umaskini haumo. Kutojua kusoma hakumo. Deni la kodi au la mchango halimo.

TUJISAHIHISHE

Lakini hatutakuwa wakweli tukimnyoshea kidole mkoloni na kijana wa kijiweni halafu tukajisahau sisi wenyewe. Tulifuta kodi za mitaa mwaka 1969, na hilo lilikuwa jema. Lakini katika miaka ya themanini ilirudi kodi ya kila mtu mzima kwa jina la Kodi ya Maendeleo, wakati ule ule wa operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Wakazi wa Temeke na Kinondoni wenye umri wa kutosha wanakumbuka mgambo njiani, stakabadhi mfukoni, na vijana wakiruka kuta za nyua wasikamatwe. Nia ilikuwa nyingine, maana halmashauri zilihitaji fedha za shule na zahanati. Lakini kwa aliyekuwa akikimbia alfajiri, mbio zilikuwa zile zile alizosimuliwa na baba yake. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na sikumwona mtu yeyote aliyeilia.

Mazoea, hata hivyo, hayafutwi kwa tangazo la bajeti. Katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji hili, ambao sitautaja, nilimshuhudia mama mmoja akiomba barua ya utambulisho wa ukaazi. Aliambiwa alete kwanza stakabadhi za mchango wa ulinzi na wa taka za miezi minne. Hakuwa nazo. Alirudi mara tatu, na kila safari aliacha biashara yake. Michango hiyo ni mizuri, na kila mkazi aitoe. Lakini barua ya utambulisho si zawadi ya mtendaji wala rehani ya mchango. Ni ushahidi kwamba mtu fulani ni mkazi wa mahali fulani, na ukweli huo haubadiliki kwa kuwa anadaiwa shilingi elfu nane.

Kwa nini nalileta jambo hili katika mazungumzo ya kura? Kwa sababu mkazi asiyetambuliwa na mtaa wake ni rahisi kuachwa nje ya orodha ya wakazi, na uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, husimama juu ya orodha hiyo. Kutoka katika kumwambia mtu "lipa ndipo uandikiwe barua" hadi kumwambia "lipa ndipo uandikishwe" ni hatua moja fupi. Virginia walianza hivyo hivyo.

KAZI ILIYOBAKI

Usawa wa kura vilevile si kuwa na karatasi tu. Ni karatasi hiyo kuwa na uzito sawa na ya mwenzako. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Manispaa ya Temeke na watu 1,346,674, wakati ilikuwa na majimbo mawili tu ya ubunge, Temeke na Mbagala. Hiyo ni wastani wa zaidi ya watu 670,000 kwa mbunge mmoja. Kinondoni, yenye watu 982,328 na majimbo mawili, ilikuwa na wastani wa watu 490,000 hivi. Tanzania Bara nzima, kwa majimbo yake 214 ya wakati huo, ilikuwa na wastani wa watu 280,000. Naelewa kwamba jimbo la vijijini lenye safari za siku mbili haliwezi kupimwa kwa idadi ya watu peke yake. Lakini mkazi wa Temeke kuwa na sauti isiyofika nusu ya sauti ya wastani ni jambo la kusahihishwa. Mwaka 2025 Mbagala iligawanywa na jimbo la Chamazi likazaliwa. Hiyo ni hatua, si mwisho wa safari. Na juu ya yote hayo, kura iliyopigwa haina budi kulindwa na kuhesabiwa kama ilivyopigwa, maana kuipuuza kura sandukuni ni sawa na kumnyima mwenyewe asiifikishe sandukuni.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, ofisi za mitaa ziandike ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba barua ya utambulisho na uandikishaji wa mpiga kura havidai stakabadhi ya mchango wowote. Na mtendaji atakayekiuka achukuliwe hatua mbele ya mkutano wa wakazi. Pili, michango idaiwe kwa njia zake za halali, kwa mikutano na hesabu zilizo wazi, maana mtu anayeoneshwa fedha yake ilikokwenda hulipa bila ya kukimbizwa. Tatu, wasomi wetu, badala ya kuwacheka wasiosoma vijiweni, wakae nao chini wawafafanulie hiyo bajeti. Usomi wao ni deni, na hiyo ndiyo njia ya kulilipa.

Nilimtafuta kijana yule wiki iliyofuata ili nimweleze haya ana kwa ana. Sikumkuta. Nilimkuta mama wa mihogo, nikamwuliza kama amejiandikisha kupiga kura. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana jina. "Nimejiandikisha tangu zamani," akasema. "Hii nchi si yangu?"

Ni yake. Na yeyote atakayetaka kumdai stakabadhi kabla ya kumpisha kwenye sanduku la kura, tumkumbushe kwamba stakabadhi hiyo ililipwa zamani sana, Same, Tabora na katika mitaa ya Dar es Salaam, na waliolipa hawakuulizwa darasa.